Kujitoa kwa Kristo na Kumshuhudia Jirani: Mwongozo kwa Mwamini wa Goma

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwamini wa Goma ambaye ameshaokoka, au anayehudhuria kanisa kwa muda mrefu, na ambaye sasa anataka mambo mawili: kumkabidhi Mungu maisha yake yote bila kubakiza, na kuwaeleza wengine imani yake bila kuona haya na bila kuwachosha. Mara nyingi mambo hayo hufundishwa kila moja peke yake: kujitoa huhubiriwa kwenye mikesha, na uinjilisti huachiwa kamati yake. Nimewasindikiza waamini wapya katika vikundi vya maombi vya mitaani kwa miaka mingi, nami nimeona kwamba ushuhuda wa mtu hukwama mahali palepale ambapo kujitoa kwake kulikwama. Mama anayepunja kwenye kipimo hawezi kumweleza mteja wake habari za Yesu, hata akiwa na kipaji cha kusema, kwa sababu mteja huyo amekwisha kuyapima maharage yake alipofika nyumbani. Ndiyo maana hatua zinazofuata zinaanza na mambo yanayoshikika, na maneno yanakuja baadaye.

Hatua ya kwanza: Andika unachomkabidhi Mungu

Kuna waamini waliojitoa kwa Mungu mara nyingi mno. Kila mhubiri mgeni anapofanya kampeni, wao hupita mbele, hulia kwa dhati, huwekewa mikono, kisha Jumatatu huwakuta na madeni yaleyale na ugomvi uleule. Sisemi kwamba machozi yao ni ya uongo. Tatizo ni kwamba wamemkabidhi Mungu maisha kwa jumla, na maisha kwa jumla hayana mahali pa kushikia. Mtume Paulo, anapowaandikia Warumi katika sura ya 12, anawasihi waitoe miili yao iwe dhabihu iliyo hai. Naye alijua kwamba mwili una mikono inayopokea pesa, ulimi unaomsema jirani, na miguu inayoijua njia ya nyumba fulani.

Chukua daftari. Tafuta saa ambayo hutasumbuliwa. Kama nyumba ni ya vyumba viwili na watoto ni wengi, amka kabla ya mapambazuko au uombe ufunguo wa kanisa katikati ya wiki. Andika kwanza habari za fedha: unadaiwa na nani, kiasi gani, tangu lini, na ni nani unayemdai wewe na ambaye umeapa kumwaibisha. Geuza ukurasa uandike habari za kazi yako, pamoja na kile ambacho wenzako wote wanakifanya na ambacho usingependa mwanao akuone ukikifanya. Andika habari za simu yako, yaani yale mazungumzo unayoyafuta kabla ya kuingia nyumbani. Andika majina ya watu usiowasemesha, na hapa usiwasahau wale ambao hawajakukosea lolote ila tu unalichukia kabila lao, maana katika mkoa wetu wa Kivu ya Kaskazini chuki ya namna hiyo hurithishwa watoto wakati wa kula, nayo imezika watu wengi. Mwishoni andika unachokiogopa.

Juu ya hofu nitakaa kidogo, kwa sababu mji wetu una sababu za kweli za kuogopa. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulipita katikati ya mji na kuliteketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Na mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini hadi majumbani. Mwamini aliyekimbilia Sake mwezi ule wa Mei, mtoto mgongoni na godoro kichwani, hakupungukiwa imani. Kumkabidhi Mungu hofu yako ni kukataa kwamba hofu hiyo iendelee kukuamulia mambo: kwamba ulaghai leo kwa kuwa unaogopa njaa ya kesho, au umkane rafiki wa kabila jingine kwa kuwa unaogopa watakavyosema majirani. Mlima ukitikisika, kimbia kama wengine wote, na uwashike mkono wasioweza kukimbia.

Orodha ikikamilika, iombee mstari kwa mstari kwa sauti ya chini, ukitaja kila jambo kwa jina lake. Maombi yanaweza kuwa mafupi: “Bwana Yesu, deni hili la fundi nimelikimbia. Nakupa deni hili pamoja na aibu yangu. Nipe nguvu za kwenda kwake.” Pale ambapo moyo unagoma, usijilazimishe kusema uongo mbele za Mungu, mwambie waziwazi kwamba hapo bado hutaki, umwombe akupe huko kutaka, kisha uendelee na mstari unaofuata. Daftari usilichome, kwa maana utalihitaji katika hatua ya pili.

Hatua ya pili: Rekebisha kinachorekebishika

Hapa ndipo wengi wanaporudi nyuma, na hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wangu wasiruke. Katika Injili ya Luka, sura ya 19, Zakayo alisimama nyumbani kwake akasema kwamba nusu ya mali yake anawapa maskini, na kwamba kila aliyemnyang'anya kitu atamrudishia mara nne. Ni baada ya maneno hayo ya hesabu kwamba Yesu alitangaza kuwa wokovu umefika katika nyumba ile siku hiyo. Zakayo hakununua wokovu, kwa kuwa Yesu alikuwa amekwisha kuingia kwake kabla hajatoa hata senti. Lakini furaha yake ilipata njia ya kutokea, nayo ilipita mfukoni.

Tuchukue mfano wa sokoni. Katika soko la Virunga, kama katika masoko yetu mengine, maharage na unga hupimwa kwa kopo. Wapo wauzaji wanaogonga kitako cha kopo mpaka kikaingia ndani. Ukilipapasa kwa ndani, vidole vinakutana na uvimbe wa bati pale chini, na kile kilima cha juu ambacho mteja hufurahi kukiona kikimwagika pembeni hakirudishi kilichopunguzwa. Mama aliyejitoa kwa Kristo anunue kopo zima. Asitangaze, asiwaseme wenzake wa meza za jirani, wala asitoe somo. Kama bei ya zamani haimlipi kwa kopo zima, apandishe bei mbele ya macho ya watu, na akiulizwa sababu aeleze kwamba kipimo sasa kimekamilika. Nawahakikishia kwamba swali la pili litakuja lenyewe, na litakuwa swali kuhusu imani.

Kuhusu madeni, nenda kwa anayekudai kabla hajakufuata. Tunajua kwamba benki za mji zilifungwa baada ya Januari 2025 na kwamba wengi walikwama hata kwa fedha walizokuwa nazo. Hilo linaeleza kwa nini huwezi kulipa zote, lakini halielezi kwa nini umekuwa ukipita njia nyingine ili usikutane na mtu. Sema hivi: “Papa, nina deni lako, na nimekukwepa. Nisamehe kwa kukukwepa. Zote sina, lakini kila Jumamosi nitakuletea kidogo, na hizi ni za leo.” Usimwambie kwamba Mungu amekutuma, kwa maana maneno hayo humfunga mdomo na kumlazimisha akusamehe deni kwa kuona haya. Kama uliyemdhulumu amekufa au amehama usikokujua, tafuta ndugu zake. Sheria ya Musa, katika Hesabu sura ya 5, ilikwisha kuona kwamba hata jamaa anaweza kukosekana, ikaagiza malipo hayo yawe ya Bwana. Wape walio maskini, wala usijitangaze kuwa mfadhili wao.

Kuna makosa ambayo hayarekebishwi hadharani. Uamsho ulioanzia Gahini, ng'ambo ya mpaka wetu huko Rwanda, katika miaka ya 1930, ulijulikana kwa watu waliorudisha vitu walivyoiba na kuungama dhambi zao mbele ya ushirika, na ninaheshimu sana ujasiri ule. Hata hivyo, kwa maoni yangu, dhambi iliyomhusisha mtu mwingine, hasa ya zinaa, iungamwe mbele ya mchungaji au mzee wa kanisa anayeweza kutunza siri, wala jina la yule mwingine lisitajwe kwenye kikundi. Mwanamke mmoja anaweza kuharibiwa maisha yake yote na ungamo la mwanamume aliyetoka pale akijisikia mwepesi.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kazini, na kwa hilo mji wetu una shahidi wake. Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Goma mwaka 1981, akawa mtumishi wa ofisi ya serikali ya kukagua ubora wa bidhaa mpakani, na wakati huohuo, pamoja na jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, alikuwa rafiki wa maibobo, watoto wetu wa barabarani. Alikataa fedha alizopewa ili apitishe vyakula vilivyoharibika, kwa kuwa vyakula hivyo vingeliwa na watu. Aliuawa mwezi Julai 2007, na Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mwenye Heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Sisi Waprotestanti hatuna desturi ya kuwatangaza wenye heri, lakini kijana huyu anatufundisha sote maana ya kumpa Mungu meza ya kazi.

Gharama yako huenda isifike huko. Huenda ikawa bosi kukununia, au kunyimwa misheni, yaani safari za kikazi, zenye posho. Jiandae nayo. Mweleze mume au mke wako kabla ya kukataa rushwa, ili upungufu wa mwisho wa mwezi usimkute ghafla. Tunza nakala za nyaraka unazotia sahihi. Mtafute mwenzako mmoja ofisini mwenye nia kama yako. Usianze siku ya kwanza kwa kuwashutumu wengine. Kataa sehemu yako kwa utulivu, kila inapokuja.

Hatua ya tatu: Usimpe mwanadamu kile ulichompa Mungu

Hatua hii ni fupi, lakini sitaki ipuuzwe. Mtu aliyejitoa kweli hulainika moyo, na moyo uliolainika hutamaniwa na wengi. Kama kiongozi yeyote anakwambia kwamba kujitoa kwako hakujakamilika mpaka umpe kiwanja, mshahara mzima au ada ya shule ya watoto, mwambie kwa heshima kwamba utaomba kwanza na kushauriana na familia, kisha ushauriane nao kweli. Kama unaambiwa uache dawa za kila siku, ziwe za kisukari, za presha au za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, ili kuonyesha imani, usiziache. Mungu aliyekukubali hakukuomba dhabihu ya namna hiyo. Na mama anayepigwa nyumbani asiambiwe kwamba huo ndio msalaba aliopewa abebe. Yesu alisema kila amfuataye ajitwike msalaba wake. Hakumpa mume fimbo. Kanisa linapaswa kumtafutia mama huyo mahali salama pa kulala usiku huohuo.

Hatua ya nne: Uandae ushuhuda wako

Katika Marko sura ya 5, mtu aliyekuwa akiishi makaburini alipoponywa aliomba afuatane na Yesu. Yesu alimkatalia, akamtuma nyumbani kwake, kwa watu wa kwao, awaeleze mambo makuu aliyotendewa na jinsi alivyorehemiwa. Hakuwa amesoma hata siku moja katika chuo cha Biblia. Alikuwa na habari yake mwenyewe, na watu wa kwao walimjua jinsi alivyokuwa, hivyo hawakuhitaji kusadikishwa kwamba amebadilika.

Rudi kwenye daftari lako uandike habari yako kwa kufuata njia ambayo Paulo aliitumia mbele ya mfalme Agripa katika Matendo sura ya 26: alivyokuwa zamani, alivyokutana na Bwana, na alivyoishi tangu siku ile. Iwe ya dakika tatu hivi, yaani muda ambao mtu anaweza kukusikiliza akiwa amesimama. Ondoa lugha ya kanisani. Ukimwambia jirani kwamba umetoka gizani na kuoshwa kwa damu, atakuitikia kwa adabu asielewe. Ukimwambia kwamba ulikuwa ukilewa kila Ijumaa ya malipo, kwamba watoto walikuwa wakijifanya wamelala uliporudi, na kwamba siku hizi wanakimbilia mlangoni kukupokea, ataelewa yote. Kisha mwambie ni nani aliyefanya hivyo, na umtaje Yesu bila kuzunguka.

Usiongeze chumvi. Kuna mashindano mabaya katika shuhuda zetu, ambapo anayesema alikuwa mchawi mkubwa hupigiwa makofi kuliko yule aliyekulia Shule ya Jumapili. Kama maisha yako ya zamani yalikuwa ya kawaida, sema hivyo. Kiburi cha mtu mwema nacho kilihitaji msalaba. Usiahidi kwamba atakayeamini atapata visa, ndoa au mtaji, kwa sababu wewe mwenyewe unawajua watakatifu wengi ambao hawajavipata. Taja na jambo moja ambalo bado ni gumu kwako, kwa maana ndilo litakalomfanya akuamini. Mwisho, izoeze habari hiyo katika lugha utakayoitumia: Kiswahili cha nyumbani, au Kinande, Kihunde, Mashi au Kinyarwanda, kwa kuwa imani iliyozoeleka katika lugha ya mahubiri tu hugugumia ikifika jikoni.

Hatua ya tano: Anza na mtu mmoja, na uanzie karibu

Usianze na kipaza sauti. Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa ninalipenda kanisa: maspika yanayovuma hadi alfajiri katikati ya nyumba zilizobanana, ambamo kuna mtoto mgonjwa na dereva wa moto (pikipiki) aliyerudi saa sita za usiku, yamewafunga masikio watu ambao wangesikiliza kama tungewaendea mchana kwa sauti ya kawaida.

Anza nyumbani. Kwa watoto wako ushuhuda wa kwanza ni kuomba msamaha pale ulipowakosea, bila kuongeza “lakini na wewe”. Kwa mume asiyeamini, Petro katika waraka wake wa kwanza, sura ya 3, anaonyesha kwamba anaweza kuvutwa na mwenendo wa mke wake hata pasipo neno. Basi mama asimhubirie mezani, wala asiutumie mkesha kumkimbia. Kwa mkubwa wako, kwa mfano baba mkwe au mjomba, fuata njia ambayo ungeifuata kwa jambo lolote zito: mtume yaya, yaani ndugu yako mkubwa, au shangazi akuombee nafasi, nenda na kitu kidogo mkononi, keti pale unapoonyeshwa, umsikilize kwanza, kisha useme, “Papa, naomba ruhusa nikueleze jambo lililonitokea.” Akisema siku nyingine, ni siku nyingine.

Kwa majirani, nafasi huja bila kutafutwa. Tuseme mko kwenye foleni ya maji, madumu yamepangwa na bomba bado halijafunguliwa:

“Mama Neema, siku hizi kwenu kumetulia. Mbona hatusikii tena kelele?”

“Ni kweli, Mama Baraka. Mimi ndiye niliyekuwa naanza. Nilikuwa na hasira na kila mtu tangu tulipopoteza mali. Nilimwomba Yesu aniondolee, maana mimi nilishindwa.”

“Na ikaondoka?”

“Haijaondoka yote. Lakini inapokuja sasa natoka nje, naomba, ndipo ninarudi. Ukipenda, siku moja nitakueleza vizuri.”

Tazama kwamba Mama Neema amesimama hapo. Amejibu alichoulizwa, amemtaja Yesu mara moja, amekiri kisichokamilika, na ameuacha mlango mikononi mwa mwenzake. Petro anaagiza, katika sura hiyohiyo ya 3, tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini lililo ndani yetu, kwa upole na kwa hofu; na ni dhahiri kwamba mtu huulizwa habari za tumaini pale linapokuwa limeonekana.

Kwa jirani Mwislamu wa mtaa wa Birere au Majengo, heshima iwe maradufu. Ibara ya 22 ya Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, na uhuru huo ni wake sawasawa na ulivyo wako. Mpelekee pongezi siku ya Idi, hudhuria msiba wake, usikitukane kitabu chake wala usiingie kwenye mabishano ya barabarani ambayo lengo lake ni kushangiliwa. Akikuuliza unaamini nini, mweleze yote bila kuficha, naye umpe nafasi ya kukueleza ya kwake.

Kwa waliokimbia vijiji vyao kwa sababu ya vita kuna sharti moja lisilo na ubaguzi: unga, sabuni na blanketi vigawiwe kwa kila mhitaji, na mahubiri yasifanywe kwenye mstari wa kupokea msaada. Mwenye njaa atasema amina kwa lolote, na amina hiyo inamdhalilisha yeye pamoja na Injili. Gawa, uende zako, kisha urudi siku nyingine mikono mitupu; atakayetaka kuzungumza nawe siku hiyo atakuwa anataka kuzungumza kweli.

Hatua ya sita: Msindikize aliyeitikia

Akikataa, mwendelee kusalimiana na kuazimana chumvi kama zamani, tena zaidi. Akiitikia, omba naye palepale kwa maneno machache ambayo yeye mwenyewe anayaelewa, halafu ufanye mpango wa kusoma Biblia pamoja. Mimi huanza na Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 tu, kwa kusoma sura moja kila mnapokutana; yeye asome kwa sauti, au wewe umsomee kama hajui kusoma, kisha umwulize ameona nini kwa Yesu na ni kitu gani cha kufanya wiki hii. Msaidie kulianza daftari lake mwenyewe, bila wewe kulisoma.

Mpeleke katika kanisa lililo karibu na kwake, ambalo anaweza kulifikia kwa miguu wakati pesa za moto hazipo, hata kama si kanisa lako. Kama ni wa familia ya Kikatoliki na anataka kurudi katika shirika, yaani jumuiya ndogo ya waamini, la mtaani kwake, msindikize hadi huko umjulishe kwa viongozi. Ubatizo usiharakishwe ili kuipendezesha ripoti. Akiuliza swali ambalo huna jibu lake, mwambie huna, liandike, mlipeleke pamoja kwa mchungaji. Na wiki atakayokosa kuonekana, usimtumie ujumbe wa kumlaumu. Pita nyumbani kwake jioni, kwa sababu mara nyingi utakuta kuna mgonjwa ndani, au mwenye nyumba ametoa notisi, na hapo kuna la kufanya kabla ya kufungua sura inayofuata.